Nadharia moja haikumtosha mzee wa Keko

Wiki iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa pili alinifuata mwisho wa zamu ya asubuhi, kashika makaratasi ya kesi yake, yaani ripoti ya mgonjwa mmoja anayemhudumia, akaniuliza, "Sista, eti nikitumia Orem ndo siruhusiwi kumgusa Roy?" Orem na Roy ni wenye nadharia za uuguzi, alitaka kujua kama akichagua moja haruhusiwi kutumia nyingine. Nikamwambia hebu kaa hapo kwanza. Maana hilo swali nilishawahi kuuliza mwenyewe miaka kadhaa nyuma, hapa hapa Dar, na jibu nililopewa linaniuma mpaka leo, kwaiyo nimeona niandike kwa kirefu kuliko kumjibu yeye peke yake kwenye korido huku daladala zinanisubiri.

Kwa ambao hamjapita chuo cha uuguzi niwaeleze kidogo. Nadharia za uuguzi ni majaribio ya waliotutangulia kusema kazi yetu hasa ni nini. Florence Nightingale na kijitabu chake cha 1859 alikazania hewa safi, mwanga, usafi, utulivu na chakula, yaani wewe nesi weka mazingira sawa mwili upate nafasi ya kujiponya. Hildegard Peplau mwaka 1952 akaja na uhusiano, kwamba vile nesi na mgonjwa wanavyozoeana na kuaminiana ni sehemu ya matibabu yenyewe. Virginia Henderson akahesabu mahitaji 14, kuanzia kupumua mpaka kuabudu, kufanya kazi na kujifunza. Dorothea Orem mwaka 1971 akasema mtu kwa kawaida anajihudumia mwenyewe, akishindwa ndo nesi anaingia, na anaingia kwa kiasi kile alichopungukiwa tu. Callista Roy, huyu ni mtawa, alikuwa nesi wa watoto akawa anaona jinsi watoto wanavyoweza kuzoea hali ngumu, akajenga nadharia yake juu ya hapo. Madeleine Leininger akaleta utamaduni. Wako wengine wengi.

Sasa mabishano yaliyopo toka zamani, huko Marekani walikotoka wengi wa hawa mama na huku kwetu vyuoni, ni kwamba je, fani ishike nadharia moja ili tuwe na lugha moja, au tubebe nyingi? Mimi niko upande wa nyingi, nasema kabisa. Ila sipo huko kwa sababu ya vitabu, nipo kwa sababu ya mzee mmoja. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo asitambulike.

Alikuwa fundi seremala Keko, kule kwenye samani. Kisukari kilianza na kidole, kidonda kikapanda, ikabidi akatwe mguu chini ya goti. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nimepewa yeye kama mgonjwa wangu wa kesi, wodi ya upasuaji wanaume. Nikachagua Orem na kwa kweli siku tatu za kwanza Orem alinibeba vizuri sana. Mzee hawezi kugeuka, hawezi kwenda chooni, mimi nafanya yote. Siku ya tatu akaanza kukaa kitandani, ananawa uso mwenyewe, namalizia mgongo, tunagawana kazi. Nikaandika, nikafurahi, kila kitu kinaenda kama kilivyofundishwa darasani. Hatua inayofuata kwa Orem ni kuelekeza na kutia moyo ili akitoka aendelee mwenyewe na watu wake, kwaiyo nikaandika kwenye mpango wa huduma: mke wa mwanae afundishwe kumwogesha na kufunga kidonda, maana ndo aliyekuwa anashinda nyumbani, wengine wote wanatoka asubuhi kwenda kutafuta riziki.

Huyo dada alikuwa anakuja kila mchana na hotipoti. Anasimama nje ya pazia, kajitanda kanga mpaka kwenye paji la uso, anasalimia bila kumtazama, "Shikamoo baba," anamwachia mtu mwingine hotipoti aingize. Mimi nikamvuta mkono, njoo nikuonyeshe, nikafunua shuka. Mzee akageukia ukutani. Siku hiyo hakula, hakutaka presha ipimwe, na kesho yake akakataa hata kushika kitambaa anawe. Na mimi nikaandika kwenye faili neno ambalo mpaka leo nikiliona kwenye faili la mtu yeyote nasimama: mgonjwa hatoi ushirikiano.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mhudumu wa usafi, alikuwa anapiga deki. Akasema taratibu bila hata kuinua kichwa, "Mwanangu, yule ni mkwe wake. Unataka aoshwe mapaja na mkwe?"

Yaani mimi nimezaliwa humu humu, nimelelewa humu, najua kabisa mkwe ni nani, nyumbani kwetu mama hawezi hata kula meza moja na mkwe wake wa kiume, alafu nilivyoingia wodini na fomu yangu nikasahau yote kwa sababu fomu ilikuwa inauliza nani ana uwezo na nani hana uwezo. Haikuuliza nani anaruhusiwa. Orem mwenyewe anataja mila na familia kati ya mambo yanayogusa jinsi mtu anavyojihudumia, sitaki kumsingizia, lakini kwenye karatasi niliyopewa lilikuwa kisanduku kimoja kidogo, kabila na dini, unajaza unapita. Kwa Leininger hilo ndo swali la kwanza. Yeye miaka ya 1950 alikuwa anafanya kazi na watoto wenye matatizo ya akili kule Cincinnati akaona watoto wa asili tofauti wanahitaji kutunzwa tofauti na yeye hana elimu ya kulielewa hilo, akarudi shule kusoma anthropolojia, akaenda kukaa na Wagadsup kule Papua New Guinea. Alichotuachia ni maswali matatu mepesi ya kuuliza kuhusu mila ya mgonjwa: hii tuiache kama ilivyo, hii tuipatanishe na matibabu, au hii tumsaidie aibadilishe kwa sababu inamuumiza? Nikauliza. Ya mkwe huwezi kuigusa, hiyo inabaki. Tukatafuta njia nyingine, akapatikana mjukuu, kijana wa kidato cha pili. Babu na mjukuu kwetu wanataniana, anaweza kumvua akamvalisha huku wanatukanana kwa furaha hakuna mtu anaona aibu. Yule kijana alijifunza kufunga kidonda kwa siku mbili, mikono yake misafi na ana subira kuliko sisi.

Nikadhani nimemaliza. Wapi. Kidonda kinafungwa vizuri lakini mzee hataki kujifunza kujichoma insulini, hataki kushika magongo, analala tu. Jioni moja wodi imetulia nikakaa pembeni yake sina faili wala kalamu, Peplau huyo, nikamuuliza baba una nini. Akakaa kimya muda mrefu, feni inazunguka pale juu, alafu akasema, "Mwanangu, nitasimamaje kwenye randa?"

Hapo ndo nikaelewa kwamba mguu tulioukata sisi na mguu alioupoteza yeye ni vitu viwili. Sisi tulikata mguu wenye kidonda. Yeye kapoteza mguu wa kusimamia kwenye benchi la kazi, ule wa kusukumia randa mbao ya mninga mpaka inakuwa laini. Roy anasema mtu anazoea hali mpya kwa njia nne: mwili, jinsi anavyojiona, nafasi yake katika jamii, na kutegemeana na wenzake. Mimi nilikuwa na mwili tu. Nikamuuliza, baba hakuna kazi ya fundi inayofanyika umekaa? Akanyamaza. Kesho yake nikakuta mjukuu kamletea penseli na futi, na nyuma ya karatasi ya kuandikia maji anayokunywa na mkojo anaotoa mzee kachora kigoda kirefu chenye egemeo, kaweka na vipimo kabisa, na benchi la kazi limeshushwa urefu. Ile karatasi ilitakiwa irudi kwenye faili, sikuirudisha. Siku hiyo hiyo akaomba aonyeshwe sindano ya insulini.

Kwenye kesi yangu nikaandika yote hayo kama yalivyotokea, Orem mpaka siku fulani, alafu Leininger, alafu Peplau na Roy, na sababu ya kila nilipohama. Ilirudi na wino mwekundu: chagua nadharia moja. Maksi zikakatwa. Sitaji chuo wala mkufunzi, na najua alikuwa anafuata mwongozo aliopewa, hakuwa na ubaya na mimi.

Na wenye msimamo wa nadharia moja wana hoja, tena nzito. Wodi inaendeshwa kwa kukabidhiana zamu. Kama mimi naandika kwa Orem, wa jioni anaandika kwa Henderson, wa usiku kwa kichwa chake, mgonjwa ndo anapotea katikati. Lugha moja kwenye faili inaokoa watu. Pili, kuna kuchanganya kwa uvivu ambako nimekuona kwa macho yangu, mwanafunzi anachota mstari huku mstari kule hajui hata mmoja unatoka wapi, ukimuuliza kwa nini umemweka hapa Watson, yule wa nadharia ya kujali, anakwambia inapendeza. Na nadharia hazifanani chini kwenye mizizi. Martha Rogers mwaka 1970 alimuona binadamu ni uga wa nishati usiogawanyika, hana vipande, sasa ukimchukua huyo ukamuweka sahani moja na Henderson na mahitaji yake 14 ya kuhesabu moja moja lazima ueleze umewapatanishaje, la sivyo umeandika kachumbari.

Tatu, na hii ndo inanigusa zaidi, Patricia Benner mwaka 1984 alieleza nesi anavyokua kwa hatua 5 kutoka mgeni kabisa mpaka mbobezi, na mgeni anahitaji kanuni zilizonyooka. Ni kweli. Mtoto wa mwaka wa kwanza ukimpa nadharia sita siku moja umemchanganya tu. Aanze na moja, aijue mpaka anaiota usiku. Sina ugomvi na hilo hata kidogo.

Ugomvi wangu ni pale moja ya kuanzia inapogeuzwa kuwa moja ya kufia. Na ajabu ni kwamba hata hiyo nadharia moja ya Orem ukiifungua ndani ni tatu, ya kujihudumia, ya upungufu wa kujihudumia, na ya mifumo ya uuguzi, mwenyewe aliona moja haitoshi. Roy naye alitoka kwenye mikono ya mwalimu wake Dorothy Johnson ambaye alikuwa na nadharia yake ya peke yake, angeambiwa achague moja abaki nayo leo tusingekuwa na Roy.

Alafu angalieni wodi zetu zilivyo. Kwa wazazi mtu wa mara ya kwanza anajifunza kuwa mama, kwa wagonjwa wa akili ukikosa uhusiano huna kitu, chumba cha joto la Januari feni mbovu na madirisha yamefungwa hapo unamtaka Nightingale kabla ya mtu mwingine yeyote. Mgonjwa wa saratani aliyefika mwisho huwezi kumwambia lengo letu ni ujihudumie mwenyewe, huyo anataka asiumie na asiwe peke yake. Nesi anahamishwa kutoka wodi hadi wodi ndani ya mwaka mmoja, sasa aende kote huko na nadharia moja mkononi?

Wenzangu wa zamu ya usiku najua mtasema, sista hizi ni ndoto, tuko wawili wodi nzima, dripu zinaisha, ndugu wanagonga mlango, nani ana muda wa Leininger? Nawaelewa, na mimi nipo humo humo. Lakini yule mama wa deki hakutumia hata dakika moja. Muda nilioupoteza mimi ni ule wa siku mbili mzee hataki kula wala kuguswa na mimi sijui kwa nini. Mgonjwa ambaye kila mtu ameshamuandika mkaidi anakula muda wa wodi kuliko mgonjwa aliyeulizwa swali linalomhusu.

Ninachoomba kwa wakufunzi ni kidogo sana. Muacheni mwanafunzi achague nadharia moja ya kuandikia kesi, iwe ndo nyumba yake, lugha ya faili ibaki moja. Ila kwenye hiyo fomu ongezeni nusu ukurasa: siku gani nadharia yako ilikwama, mgonjwa alifanya nini ukajua imekwama, ulikwenda kwa nani, na kwa nini huyo na sio mwingine. Asiyeweza kujibu kwa nini, kateni maksi, hapo nawaunga mkono. Anayeweza kujibu mpeni maksi zake, maana huyo alikuwa anamtazama mgonjwa.

Yule mwanafunzi wa wiki iliyopita mgonjwa wake ni mama mwenye kiharusi, mkono wa kulia hauna nguvu, alikuwa anauza chapati asubuhi. Nikamuuliza umeshamuuliza kuhusu chapati? Akasema bado, kwenye fomu hakuna. Nikampa karatasi tupu, akarudi wodini.