Faili la jioni au ODBC: kiwango cha dola ndicho kinachoamua

Mwambie fundi wa kompyuta hapa Lubumbashi kwamba mauzo ya duka, yaliyo ndani ya Access (programu ya hifadhidata), unayapeleka kwenye Sage 100 (programu ya uhasibu) kwa faili la maandishi kila jioni. Atakutazama kama umekuja mjini na makaa kwenye baiskeli. Weka ODBC, atakuambia, programu zisomane zenyewe, mhasibu asiguse kitu.

Ana haki yake. ODBC, ambayo Microsoft waliitoa 1992, ni mkalimani kati ya programu na hifadhidata, na inafaa sana. Mtu wa kaunta anaona deni la mteja kabla ya kumpakilia simenti nyingine kwa mkopo, bila kupiga simu ofisini. Faili nalo lina maradhi yake. Kompyuta iliyowekwa Kifaransa inaandika 1250,75. Iliyowekwa Kiingereza inaiona koma ile kama mpaka wa safu, na senti zinahamia kwa jirani. Na wenye QuickBooks, programu nyingine ya uhasibu, wanajua: ukiingiza faili moja la IIF (faili lake la maandishi la kuingizia data) mara mbili, fakture, yaani ankara, nazo zinaingia mara mbili.

Haya yote yanasemwa sana. Kinachosahaulika ni dola.

Duka linauza kwa dola. Vitabu, kwa kanuni za OHADA, umoja wa nchi za Afrika wa sheria za biashara ambao Kongo yetu iliingia 2012, vinaandikwa kwa faranga. Tuseme Papa fulani amenunua mabati ya dola 250 kabla ya TVA (kodi ya ongezeko la thamani), siku ambayo dola moja ni faranga 2,800. Hiyo ni 700,000. Sasa, aliyetengeneza Access ile aliweka kiwango cha dola mahali pamoja tu, na faranga zinahesabiwa upya kila ripoti inapofunguliwa. Wiki mbili baadaye dola ni 2,850, mtu wa kaunta anabadilisha kiwango kama alivyofundishwa, na mwisho wa mwezi Sage inalishwa kwa ODBC. Fakture ya Papa inasoma 712,500. Faranga 12,500 zimezaliwa bila kuuzwa hata msumari, na TVA ya 16% juu yake ni 2,000 ambazo Papa hakuzilipa. Hiyo ni fakture moja. Na usitegemee mizani ya hesabu ikuonye: debiti na krediti zitalingana vizuri kabisa, maana pande zote mbili zimezidishwa kwa kiwango kilekile kisicho cha siku yake.

Faili la jioni linaukata ugonjwa huo bila ujanja wowote. Limeandikwa siku ya mauzo, na kiwango cha siku hiyo kimeganda ndani yake. Mkaguzi akiuliza baada ya miaka mitatu 700,000 zilitoka wapi, unalifungua mbele yake. Sheria inataka vitabu na vielelezo vyake vitunzwe miaka 10. ODBC haikuachii cha kutunza, usipokijenga mwenyewe.

Fundi atajibu kwamba kiwango kinatakiwa kuandikwa kwenye kila fakture. Kweli kabisa. Ila nani atarekebisha? Aliyeitengeneza Access hiyo siku hizi anafanya kazi Kolwezi, na simu hashiki.

Kuna pia delestaji, ukataji wa umeme kwa zamu. Umeme ukikatika wakati ODBC inaandika, kichwa cha fakture kinaweza kuwa kimeingia na mistari yake bado, isipokuwa fundi alivifunga vyote katika muamala mmoja, viingie vyote au kisiingie hata kimoja. Faili lililokatika unalifuta, unatoa jingine.

Kwa duka la kaunta mbili, basi, ningeiachia ODBC kusoma tu: madeni, salio, bei. Kuandika kupitie faili lenye namba ya mfululizo kwenye jina lake, na likishaingia lihamishwe folda nyingine ili lisirudiwe. Mama mhasibu alipitie kabla ya kuliingiza, dakika tano zinatosha. Siku kila mstari wa mauzo utakapobeba kiwango chake cha dola, fundi arudi na ODBC yake, nitamfungulia mlango.