Mchokoo wa Ng'ombe

Macho yana kope, ukichoka unafumba. Sikio je? Hebu panda daladala ya Mwanakwerekwe kwenda Darajani, hapa kwetu Unguja, uone. Spika imefichwa chini ya kiti, kiti chenyewe kinacheza ngoma na wewe umekikalia. Utingo anagonga bati, jirani kapakata jodari, mkia umeingia mfukoni mwa shati langu. Simu nayo: grupu ya harusi inadai mchango, grupu ya mtaa inatangaza maji yametoka (usiku wa manane, watu tumelala!), na shemeji katuma sauti ndefu, nusu yake anakohoa. Kushuka tu, honi ya bodaboda nyuma ya goti. Nakwepa, papasi, wale vijana wa kutembeza watalii, ananisalimu kwa Kitaliano, ati twende kisiwa cha Changuu tukaone makobe. Yakhe, mie mzaliwa wa Kikwajuni!

Narudi nyumbani kichwa kinavuma, namtuma mwanangu vitunguu. Kalala chali, simu i kifuani: "Baba, niache kidogo, niko ovastimuleti." Mamake akamrudishia mlango polepole, akaniashiria nisipaze sauti. Vitunguu nikavifuata mwenyewe.

Nilidhani ni maradhi. Barazani tunaye mwalimu mstaafu wa Kiingereza, nikamuuliza dawa yake. Alicheka hadi kahawa ikampalia. Kumbe ni kitenzi: kuzichochea hisia za mtu kupita kiasi, kelele na mianga na habari zimvamie pamoja mpaka akili ishindwe kuzipokea. Mzizi wake Kilatini, stimulus, yaani mchokoo, ule mti wenye ncha ambao Warumi wa kale wakimdungia ng'ombe avute plau. Waingereza wakatanguliza kipande chao cha kuonyesha kuzidi, basi: ng'ombe kadungwa, kisha kadungwa tena.

Lahaula! Sasa anayedungwa nani hapa? Kijana aliyejilaza na feni juu yake, au mie niliyetoka na magamba mfukoni? Yeye akichoka ana kitenzi cha Kirumi. Mie nikichoka naambiwa mzee kawa mkorofi.

Nikaenda kumweleza mke wangu yote, Warumi na plau lao, nikajinyoosha jamvini: "Kwa hivyo leo ng'ombe ni mie, nipumzisheni."

Hakugeuka kutoka jikoni. "Ng'ombe hupumzishwa akishalima. Weye umelima nini? Na gesi imekwisha."