Nilimpa Simba Badala ya Tembo

Jumapili mhubiri wetu hapa Malindi alishika Zaburi 139, akaikamua dakika arobaini na feni imezimika. Ukipanda mbinguni, Mungu yuko. Ukishuka kuzimu, yuko. Ukihamia mwisho wa bahari, yuko. Nikaitikia amina ya nguvu, maana mbinguni sina safari na kuzimu sijapata abiria. Mimi dereva wa tuktuk, njia yangu ni sokoni na Maweni.

Jumatatu asubuhi nikambeba Bi mmoja na kikapu chake cha mbaazi, nikamshusha kwake Maweni. Nauli sitini, akanipa mia. Sasa tazama balaa. Tangu 2018 sarafu zetu Kenya zimekuwa mbuga ya wanyama: twiga ni moja, kifaru tano, simba kumi, tembo ishirini. Chenji yake ilikuwa tembo wawili. Nikapapasa mfukoni, nyuma kuna mtu anapiga honi kama amefiwa, nikampa simba wawili. Bi hakutazama. Akazifunga kwenye pindo la leso, akaniombea dua ya riziki. Hiyo dua ndiyo iliyonimaliza.

Nilishtukia nikiwa karibu na kile kikanisa cha Wareno cha makuti, kando ya bahari. Mmisionari Francis Xavier alitua Malindi 1542 akielekea Uhindi. Yaani Mungu amesikia toba za mabaharia hapa, watu wazito, na mimi nampelekea shilingi ishirini.

Nikaanza kujitetea. Petroli ya kurudi Maweni ni zaidi ya hiyo ishirini, na Mungu anajua bei ya petroli. Adamu alijificha kwenye miti. Mimi nikajibanza nyuma ya lori la mchanga, kana kwamba kutoka juu sionekani. Nikamkumbuka Yona. Naye alimtoroka Mungu, lakini Biblia inasema alilipa nauli kabla ya kupanda. Watoro wa zamani walikuwa na adabu.

Na kuna abiria aliyeshuka bila kulipa akasema "narudi sasa hivi", huu ni mwezi wa tatu sijamwona. Huyo haonekani?

Nikampigia mke wangu nimlalamikie. Akaniambia Hajiri jangwani alifurahi kuonwa na Mungu, hata akamwita kwa jina hilo, Mungu anionaye.

"Hajiri alikuwa na kiu," nikamwambia. "Hakuwa na ishirini ya mtu."

"Na wewe umekunywa chai?"

Sikuwa nimekunywa. Kumi na mbili nilitoka nyumbani, saa nne hii. Nikanyamaza, nikageuza tuktuk.

Bi nilimkuta barazani anachambua mbaazi.

"Shikamoo, Bi. Nimekuletea ishirini yako, nilikosea chenji."

"Marahaba, mwanangu. Niliona."

"Uliona? Mbona hukusema?"

"Ijumaa ulinirudishia mia badala ya hamsini, nawe hukusema. Hiyo ishirini ikate humo."

Nikapiga hesabu kwa vidole. Kumbe mimi ndiye ninayedai! Thelathini! Nikafungua mdomo, lakini Bi alikuwa ameshainuka anaingia ndani na ungo wake.

"Nitakupa ukipita tena," akasema kutoka ukumbini. "Ngoja kwanza, chai ipo na mahamri mawili."

Nikazima injini.