Bastola ya mfukoni na ya kiunoni: nani abadilishe, nani abaki nayo

Nyumbani Afrika Mashariki ulinzi uko ukutani. Kuna ukuta wa tofali wenye vipande vya chupa juu, nondo madirishani, geti la chuma, mbwa, mlinzi wa usiku, na jirani ambaye ukipiga yowe la "mwizi!" anatoka na panga kabla hujavuta pumzi ya pili. Bastola katika mtaa mzima ni ya mtu mmoja, na watu huijua kwa minong'ono tu. Huku Texas, Marekani, nyumba ya dola laki tatu ina mlango wa kioo upande wa uani na haina nondo hata moja. Ulinzi umetoka ukutani ukahamia kiunoni, na sisi tuliokulia kwenye kuta tumejikuta tukibishana kuhusu gramu na milimita za chuma ambacho baba zetu hawakuwahi kukishika.

Ubishi unaorudi kila wikiendi kwenye nyama choma ni huu: fulani ana Ruger LCP, bastola ndogo ya mfukoni, aiuze achukue SIG P365, ya kiunoni, au mwenzake yeyote wa ukubwa ule? Jibu langu nalitoa mapema. Mwenye LCP ambaye huvaa suruali yenye mkanda siku nyingi za wiki, abadilishe. Mwenye Glock 43, Shield au Hellcat, ambazo nazo ni za kiunoni, anayetamani P365 kwa sababu rafiki yake anayo, abaki na yake, hela anunulie risasi za mazoezi. Asiyevaa mkanda ana jibu la tatu, nitalifikia.

Ila kabla ya chuma kuna karatasi, na hapa ndipo sisi wageni tunaponaswa. Ukiwa na viza ya muda, iwe F-1 ya masomo au H-1B ya kazi, sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki silaha na hata risasi. Kuna mianya michache, kama leseni halali ya uwindaji, lakini usiingie humo bila mwanasheria. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa. Akinunua dukani atajaza fomu 4473 ya ununuzi wa silaha na duka litamkagua kupitia mfumo wa FBI. Kwa bastola ni lazima awe ametimiza miaka 21. Usimnunulie binamu mwenye viza ya masomo kwa jina lako hata akikulipa kila senti. Hilo ni kosa la jinai ambalo tangu sheria ya 2022 linaweza kukupa kifungo cha hadi miaka 15. Mwamerika akikutwa na kosa la silaha hufungwa au hulipa faini akarudi kwake. Mwenye grini kadi akitiwa hatiani anaweza kurudishwa kwao moja kwa moja.

Kuna na hili ambalo wengi hawalijui. Majimbo zaidi ya nusu, Texas ikiwemo tangu Septemba 2021, yanaruhusu kubeba bastola bila kibali. Watu wakaacha kuomba kibali. Lakini sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000, yaani mita 305 hivi, kutoka shuleni, na anayesamehewa ni mwenye leseni ya jimbo hilo, yaani kibali hichohicho. Katika mji wenye shule kila kona, asiye na leseni anaivunja sheria hiyo kila anapoendesha na bastola kiunoni. Chukua leseni. Madereva wa malori nao wakumbuke kwamba kibali cha Texas hakitambuliwi California wala New York. Kupita humo, bastola iwe tupu, imefungwa kwenye sanduku lenye kufuli, mbali na mkono.

Sasa chuma chenyewe. LCP ilitoka 2008. Ina urefu wa milimita 131, unene wa 21, uzito wa gramu 270 hivi ikiwa tupu, na hubeba risasi sita za saizi ya .380, dhaifu kuliko 9mm, kwenye magazini, na moja kwenye chemba, yaani ndani ya mtutu tayari kupigwa. P365 ilitoka 2018 na ndiyo iliyovuruga soko. Magazini yake hupanga risasi kwa kupishana badala ya safu moja iliyonyooka, kwa hiyo ndani ya urefu wa milimita 147 na unene usiofika sentimita tatu inameza 10 za 9mm na moja kwenye chemba. Wengine walikimbilia mlango uleule: Springfield na Hellcat mwaka 2019, risasi 11 kwenye magazini fupi; Smith & Wesson na Shield Plus mwaka 2021, 10 kwenye fupi na 13 kwenye ndefu. Glock 43 ya 2015 ilibaki na sita zake. Ni chache, ndiyo, lakini anayeipiga vizuri hana sababu ya kuitupa.

Ukizijaza, LCP inafika kama gramu 340 na P365 kama 640. Tofauti ni uzito wa simu moja na nusu. Kwenye karatasi ni kidogo. Kwenye mfuko wa kaptura ya pamba mwezi wa Agosti ni nyingi: mfuko unavutika, suruali inateleza, na kila mtu anaona umbo. P365 ni bastola ya mkanda hata wauzaji wakisema nini.

Kwa tofauti hiyo unapata nini? Nguvu ya .380 ikitoka kwenye mtutu wa milimita 70 ni karibu nusu ya 9mm ikitoka kwenye mtutu wa 79. FBI hupima risasi kwa kuzipiga kwenye jeli, na hutaka zipenye kati ya sentimita 30 na 45. Risasi za .380 zenye tundu kichwani, zilizoundwa zifunguke zikigonga, zina tabia ya kuchagua moja: zikifunguka vizuri zinaishia kabla ya kina hicho, zisipofunguka zinapenya kama za kawaida. Ndiyo maana wabebaji wengi wa LCP huacha za tundu wakaweka za kichwa kigumu au bapa. Kwa 9mm huhitaji kuchagua hivyo. Chukua za tundu za gramu 8, zile ambazo kopo limeandikwa graini 124, umemaliza.

Jambo ambalo watu hulielewa kinyume ni teke, yaani bastola inavyorudi nyuma ikipigwa. Hudhani bastola ndogo yenye risasi dhaifu ni laini mkononi. LCP ni nyepesi mno, kitako chake kinashikwa na vidole viwili, cha tatu kinaning'inia hewani, na teke lote linaishia kwenye ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada. Baada ya risasi 50 mtu hataki tena. Asiyetaka hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi ana kipande cha chuma tu. P365, pamoja na risasi yake kali zaidi, inapigika risasi 100 bila machozi. Kwa hiyo huyu bwana anayemnunulia mkewe LCP "kwa sababu ni ya kike" anamkosea. Bastola ndogo si ya mtu mdogo. Kama tatizo ni mikono isiyo na nguvu ya kukoki slaidi (chuma cha juu kinachovutwa nyuma), kwa mama mtu mzima au mwenye baridi yabisi, kuna Shield EZ ya .380, iliyotoka 2018, ambayo springi yake imelegezwa makusudi na kitako chake kinajaa kiganja.

Wasiovaa mkanda ni wengi katika jamii yetu kuliko Wamarekani wanavyofikiri. Dera halina kiuno. Kanzu ina mfuko wa pembeni unaoning'inia. Skrabu za wauguzi na wahudumu wa wazee, kazi ambayo nusu ya ukoo wetu huku inaifanya, zimefungwa kwa kamba. (Na kwenye kazi hizo mwajiri mara nyingi amekataza silaha; Texas hubandikwa mlangoni mabango yenye namba 30.05 na 30.06, vifungu vya sheria vya kukataza kuingia na silaha. Yasome. Ukiiacha garini, iwe kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya kwenye mguu wa kiti, si kwenye kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria, ambako wezi huanzia.) Kwa watu hawa jibu si P365, ni LCP Max ya 2021: unene uleule wa milimita 21, gramu 300 hivi, lakini risasi 10 kwenye magazini na kilengeo cha mbele kinachoonekana hata gizani. LCP ya kwanza ina vilengeo vidogo kama kichwa cha kiberiti, na nalihesabu hilo kuwa kosa lake kubwa kuliko risasi sita. Mkanda mpana wa tumboni chini ya dera unaishika vizuri, mradi ndani yake kuwe na ala ngumu inayofunika triga, yaani kifyatulio. Kitambaa peke yake hakitoshi, kwani kidole kinaweza kubonyeza triga kupitia humo.

Iwe mfukoni au kiunoni, ala ni sehemu ya bastola, si pambo. Iliyo bora ni ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola hiyohiyo. Ajali nyingi hutokea wakati wa kuirudisha, si wakati wa kuitoa: pindo la shati au kamba ya koti huingia mbele ya triga, mtu anasukuma, inalipuka kuelekea paja. Rudisha polepole, tazama kwa macho, tumbo ndani, shati juu. Ukiona mkono wako una haraka, chukua toleo lenye kizuizi cha usalama kinachosukumwa kwa kidole gumba. P365, Hellcat na Shield Plus zote zinacho kwa anayekitaka. Na mfukoni isikae na funguo wala sarafu.

Hitilafu za bastola ndogo zina sababu zake. Slaidi ni fupi na nyepesi, springi ni kali, hakuna nafasi ya uzembe. Ukilegeza kifundo cha mkono, bastola yote inarudi nyuma pamoja na slaidi, slaidi haimalizi safari, ganda linakwama limesimama wima kwenye tundu la kutokea. Watu hulaumu kiwanda. Mfukoni kuna pamba na vumbi. Ifungue kila wiki mbili, ipulize, tone la mafuta kwenye reli, basi. Springi ya slaidi huchoka mapema kuliko ya bastola kubwa. Ukishapita risasi 2,000 na kitu, ibadilishe, ni ya bei ndogo. Halafu kuna kosa la wanaotoa risasi ya chemba kila usiku na kuirudisha asubuhi: kichwa cha risasi husukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo, na risasi iliyofupika hupandisha presha hatari ikipigwa. Iweke kando ya nyingine uzilinganishe. Iliyofupika usiipige.

Gharama ya kubadili haiishii kwenye bei ya dukani. P365 ni kama dola 500. Ongeza ala 70, magazini mbili za ziada 80 au 90, kopo la risasi za kujilinda 25, na risasi 200 za mazoezi, dola 60. Umekaribia 750, na LCP yako duka litaichukua kwa bei ya kutupa. Ya kufidia ni kwamba risasi za mazoezi za 9mm ni rahisi kuliko za .380, kwa hiyo anayepiga 100 kila mwezi hurudisha tofauti polepole. Usiibebe kabla haijameza 200 za mazoezi na 50 za kujilinda bila kukwama. Kipimo cha mwisho: mita tano, sahani ya kikombe cha chai, risasi tano, sekunde tano, ukianza na bastola ndani ya ala chini ya shati. Ikiwa LCP yako inapita na bastola ya kuazima renji (uwanja wa kulenga shabaha) haipiti, swali la kubadili limekwisha.

Hapa ndipo naikumbuka nyumbani kwa heshima. Tanzania, chini ya sheria ya silaha na risasi ya 2015, ombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji na kupanda hadi polisi. Watu wanaokujua ndio wanaulizwa kwanza kama una hasira au unapiga mke. Kenya ni Bodi ya Leseni za Silaha, na mwishoni mwa 2018 wenye leseni wote waliitwa kuhakikiwa upya. Leseni ni ya silaha ile ile yenye namba ile ile, kwa hiyo hakuna kubadili kila msimu kama viatu. Mwenye bastola huijua moja hadi uzee. Lakini kuna upande wa pili: risasi hununuliwa chache na kwa bei ya juu, zinakaa kabatini miaka kumi, na mwenyewe hajapiga hata kopo moja tangu siku ya majaribio. Nidhamu ya kwetu ingekutana na risasi za dola 15 za huku, tungepata mpigaji mzuri.

Adabu moja ya kwetu iache uwanja wa ndege. Polisi akikusimamisha huku, usishuke kumsalimia. Baki kwenye kiti, taa ya ndani iwake, mikono juu ya usukani, useme kwa sauti ya kawaida kwamba una leseni na bastola iko upande gani, kisha usubiri akuelekeze. Na mama akija miezi sita kulea mjukuu, bastola isikae kwenye mkoba wala chini ya godoro, kwa sababu mtoto hufuata mkoba wa mama yake na bibi hupanga kila kitu upya. Kisanduku cha namba kando ya kitanda. Texas, mtoto chini ya miaka 17 akiifikia ikiwa na risasi kwa uzembe wako, ni kosa.

LCP ya zamani ukishaamua, ipeleke dukani, si kwa rafiki wa rafiki. Mauzo ya mtu kwa mtu ndani ya jimbo moja yanaruhusiwa na sheria ya shirikisho bila ukaguzi, lakini namba ya bastola ikija kuonekana kwenye uhalifu, mlango wa kwanza kugongwa unaweza kuwa wako. Na isiingie kwenye pipa wala kontena la kwenda Dar au Mombasa, hata ikiwa imefunguliwa vipande vipande, hata magazini tupu. Kutoka huku inahitaji kibali cha kusafirisha nje, kuingia kule inahitaji kibali kingine, na pipa lina jina lako kwa rangi nyekundu.