Pima Dirisha Lako Kabla ya Kuuliza Bei ya Kioo

"Kioo cha dirisha siku hizi ni pesa ngapi?" Mtu husimama mlangoni mwa duka la vifaa vya ujenzi pale Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wa Lamu, akauliza hivyo, na mwenye duka hana la kumjibu ila kukisia. Kioo cha ukubwa gani? Cha unene gani? Mnunuzi hutanua mikono: "Hivi kwa hivi." Hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea, na mimi simlaumu muuzaji.

Rai yangu ni kwamba mwenye nyumba wa Lamu apime kioo chake mwenyewe, kwa milimita, kabla hajamuuliza mtu yeyote bei. Najua wapo wanaosema hiyo ni kazi ya fundi. Kwa mji ambao fundi wa vioo yuko mtaa wa pili, sikatai. Sisi tuko kisiwani. Kioo kikubwa, kinene au cha aina maalumu huagizwa Malindi au Mombasa, kikapakiwa lori, kikapita Garsen na Witu hadi Mokowe, kikashushwa gatini na kupandishwa mashua, kisha hamali akakiingiza vichochoroni kwa mkono au mkokoteni. Aliyekikata hajaliona dirisha lako wala hataliona. Alicho nacho ni tarakimu ulizomtumia kwa simu.

Ubao ukizidi hupigwa randa. Kioo cha kawaida kikizidi, fundi stadi anaweza kukipunguza, lakini kutoa milimita mbili tatu ni kugumu kuliko kukata nusu futi, kwa sababu ukanda mwembamba hivyo haukatiki sawasawa na mara nyingi huondoka na pembe. Kikipungua, basi tena. Hakuna pati, ile gundi nzito ya kushikiza kioo kwenye fremu, itakayoziba pengo la sentimita moja ikastahimili upepo wa kusi.

Kuna mama mmoja jirani yangu Langoni aliyepiga simu maduka matatu kuulizia kioo cha dirisha la sebuleni. Alipata bei tatu zilizoachana mbali, akaniita. "Mwanangu, hebu nitazamie, ni yupi kati ya hawa anayeniibia?" Tulipowapigia tena mmoja mmoja, ilionekana hakuna aliyekuwa akimwibia. Wa kwanza alihesabu kioo cha milimita 3, wa pili cha 5, wa tatu alikuwa ameshaingiza nauli na kazi ya kufunga. Kila mmoja aliuza kitu chake. Tukapima, tukawatumia wote vipimo vilevile na unene uleule, na hapo ndipo bei zikawa za kulinganishwa.

Kupima kwenyewe si kazi ya kuogopesha, ila kuna mahali watu wengi hukosea: hupima kile kioo wanachokiona. Kinachotakiwa ni nafasi ambamo kioo kinakaa, ule mdomo wa ndani wa fremu uliofichwa na pati au na kibao cha kushikilia. Kwa hiyo pati ya zamani lazima ing'olewe kwanza. Ukivaa glavu nzito na viatu vilivyofunika vidole, toa vipande vilivyobaki, kwangua pati kwa patasi, sugua fremu kwa brashi ya waya. Kisha pima upana mahali patatu, juu, katikati na chini. Pima kimo mahali patatu pia, kushoto, katikati na kulia. Chukua kile kidogo kabisa katika kila upande, si cha wastani. Halafu punguza milimita 3 hivi kwa jumla ili kioo kipate nafasi ya kupumua. Mdomo wa fremu ukiwa na upana wa 450 pale ulipobana zaidi, kioo kiagizwe 447.

Tena iwe milimita, si inchi "na kidogo". Thumuni moja ya inchi inapita milimita 3, kwa hiyo hiyo "kidogo" peke yake inakula nafasi yote uliyoiacha. Mafundi wetu wa majahazi kule Matondoni hufanya kwa jicho kazi ambayo wengine hawaiwezi hata kwa ramani, na ninawaheshimu sana kwa hilo. Lakini ubao wa jahazi hupindika na kuchongwa ukakubali. Kioo hakikubali.

Kwetu pwani kuna jambo jingine linalonikera likisahauliwa, nalo ni kutu. Fremu za chuma zinaliwa na chumvi ya hewa ya bahari, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inavimba ndani ya mdomo wa fremu, inakibana kioo taratibu, mwisho kioo kinapasuka bila jiwe wala mpira wa watoto. Ukiona ufa umeanzia ukingoni au pembeni na hakuna aliyekigonga, shuku fremu. Ukipima juu ya kutu hiyo utaagiza kioo kidogo kuliko inavyostahili, na ukikifunga humo bila kuisugua na kuipaka rangi ya kuzuia kutu, chuma kitaendelea kuvimba na kioo kipya kitafuata njia ya kile cha kwanza.

Pima pia pembe kwa pembe, mishazari yote miwili. Ikilingana, fremu iko sawa. Ikiachana kwa zaidi ya milimita tatu nne, dirisha limepinda na vipimo vya upana na kimo peke yake havitatosha. Katika nyumba zetu za mawe hili ni la kawaida: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingi zimesimama miaka mingi, hazikujengwa kwa pembe mraba. Madirisha yake ya asili yalikuwa ya mbao, na vioo vimekuja kutiwa baadaye. (Anayetaka kung'oa mbao za zamani ili atie kioo na alumini, namsihi afikiri mara mbili. Mji wa kale wa Lamu umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na ujenzi wake wa asili ni sehemu ya kilichouingiza humo.) Dirisha likiwa limepinda, kata kielezo cha boksi gumu, kijaribu mle ndani mpaka kikae, andika juu yake upande wa juu na upande wa nje, kisha kitume hichohicho.

Unene nao upimwe kwenye ukingo wa kipande kilichovunjika. Usikisie. Kioo cha milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa kila mita ya mraba, na cha milimita 6 kilo 15, kwa hiyo unene hugusa bei ya kioo na kazi ya kukibeba pia.

Tazama vilevile kilivyovunjika. Kama kilimwagika punje ndogondogo, kilikuwa kioo kilichokazwa kwa moto, na aina hiyo haikatwi tena baada ya kukazwa: kikija kimezidi milimita 5, hakuna fundi wa kukusaidia. Kama kilipasuka lakini vipande vikabaki vimeshikana, kilikuwa cha tabaka mbili zenye plastiki katikati. Kwa mlango, bafu au dirisha la chini ambalo watoto hulifikia, agiza mojawapo ya aina hizo hata kama cha zamani kilikuwa cha kawaida. Hapo sioni haja ya kubana pesa.

Ujumbe wa kuulizia bei uwe mfupi na kamili: "Vioo 2, vyeupe, unene milimita 4, upana 447, kimo 912. Fremu ya chuma, ya pati." Upana utangulie siku zote, na useme kuwa ndio upana, la sivyo kioo chenye maua kitakuja maua yamelala. Taja kwamba milimita za nafasi umeshazitoa, kwa sababu muuzaji mwangalifu naye huzitoa, na zikitolewa mara mbili kioo kitacheza ndani ya fremu.

Kama kuna fundi kisiwani atakayekifunga, mwache apime tena kwa mkono wake kabla oda haijatoka. Kikatwe kwa kipimo mlichokubaliana nyote wawili. Kisha muulize muuzaji kama bei yake inaishia dukani, Mokowe au mlangoni kwako, na kioo kikivunjika ndani ya mashua nani atalipa. Jibu lake liandikwe kwenye risiti kabla hujatuma pesa.