Mshenga Mwenye Waya Mdomoni

Nilipofikisha miaka 41, umri ambao wenzangu wameanza kung'oa meno, mimi niliamua kuyanyoosha yangu. Ya juu yalikuwa yametokeza mbele kiasi kwamba, kwa maneno ya marehemu bibi yangu, mvua ikinyesha yalilowa kabla ya pua.

Daktari alinigandishia kwa gundi vibano vya chuma, kimoja kwa kila jino, akapitisha waya juu yake, kisha akanieleza kwamba waya husukuma jino polepole, mfupa wa upande mmoja ukimomonyoka na wa upande wa pili ukijijenga upya, na kwa kuwa jino husogea takriban milimita 1 kwa mwezi, nihesabu kama miaka 2. Akaniongezea raba ndogo za kuunganisha meno ya juu na ya chini, nizivae mchana na usiku, nizitoe wakati wa kula tu. Alinikataza mahindi ya kuchoma, miwa, bisi na kashata. Kashata aliitaja mara mbili. Sijui alinisoma usoni.

Mwezi wa nne mpwa wangu alitaka kuposa Tanga, na mimi nikateuliwa kuwa mshenga, kwa kuwa ukoo wetu huamini kwamba mwenye miwani hakosi maneno. Tulikaribishwa mkekani kwa kahawa na sahani ya kashata za nazi zilizokuwa bado vuguvugu. Kukataa sikuweza, na kujitia vidole kinywani kutoa raba mbele ya wakwe watarajiwa niliona ni aibu zaidi. Nikauma. Kashata vuguvugu ni laini, lakini ile ilipoipata ile waya ilipoa, ikaganda kama saruji, raba zikazama humo, na taya likafunga.

Ni hapo mzee wa nyumba alipokohoa akasema, "Mshenga, mahari yetu ni milioni 3."

Nilitaka kumshukuru. Kilichotoka puani ni, "Mmmh!"

Mzee akanitazama. "Haya, basi, milioni 2 na nusu."

Nilisukuma kwa ulimi ili nijikomboe, kibano kimoja kikabanduka, ncha ya waya ikanichoma shavu kwa ndani, na machozi yakanitiririka mpaka kwenye kanzu. Nyuma ya pazia nikasikia sauti ya kike, "Maskini, mtu mzima analia! Hawa hawana kitu, wapunguzieni." Ikashuka hadi milioni 1 na laki 8. Mpwa wangu alinifinya paja kwa furaha, nami nikaugulia tena, "Mmmh," lakini mzee alikuwa amefika mwisho wa huruma yake.

Kahawa ya moto ndiyo iliyoniokoa kwa kuyeyusha ile sukari. Nilifumbua kinywa kwa heshima zote nikasema, "Tumekubali," na kwenye silabi ya tatu raba ya kulia ilifyatuka kama jiwe la manati, ikatua ndani ya kikombe cha mzee.

Alichungulia kikombe. Akanichungulia mimi. "Hiki nini?"

"Ni mila ya kwetu, baba," mpwa wangu aliwahi kujibu.

Mzee akaiopoa kwa kijiko, akaifunga kwenye leso, akaitia mfukoni.

Kesho yake daktari aliniuliza nilikula nini hata kibano kikabanduka. Nikamwambia mkate. Akachokoa taratibu nyuma ya gego, kisha akaninyanyulia kioo ili nijionee mwenyewe chicha ya nazi.