Skuta Mpya, Visingizio Kwisha

Kama una pikipiki ya zamani, mkweche unaowaka kwa dua, utunze. Usiuuze. Nakwambia haya mimi niliyeuza wangu wiki tatu zilizopita, nikaongezea hela za kikoba, nikashuka Kariakoo asubuhi na jioni nikarudi Kimara juu ya skuta mpya, injini ya cc 125, ya bluu, kiti bado kina nailoni. Hiyo nailoni sijaitoa mpaka leo. Kwa joto hili la Dar, nikishuka suruali inachelewa kidogo kunifuata, lakini bora hivyo kuliko kiti kuchanika.

Ule mkweche ulikuwa na gia tano kwenye karatasi, za kweli tatu. Kuuwasha ni kiki kumi na moja, na ile ya kumi na mbili inakupiga kwenye ugoko. Ekzosi ilikuwa na tundu, mtaa mzima ukiamkia kwangu. Sasa angalia faida zake. Nikichelewa kazini namwonyesha bosi mikono ina oili, namwambia, "Pikipiki, bosi." Ananionea huruma. Kikao cha harusi Mbagala? "Pikipiki haifiki Mbagala." Mama watoto akitaka gunia la mkaa, namuuliza, litakaa wapi, juu ya tenki? Miaka sita nimeishi kwa amani hivyo.

Halafu nikajitia kimbelembele cha maendeleo.

Asubuhi ya kwanza nimeitoa mpaka barabarani, nimeipaki mbele ya kijiwe cha bodaboda makusudi, wanione. Nikashuka kununua vitumbua. Kurudi, nabonyeza swichi, kimya. Nabonyeza tena. Kimya cha msibani. Vijana wa kijiwe wakajaa. Mmoja akasema plagi. Mwingine betri imekufa, hizi za dukani zinawekewa betri za maonyesho. Wa tatu akaikagua kwa mbali, mikono nyuma kama mkuu wa wilaya, akasema umeuziwa ya mafuriko ya Jangwani. Hapo nimeshalowa jasho, vitumbua vimepoa, nimeanza kumtafuta muuzaji kwenye simu. Akapita kabinti ka shule ya msingi, begi mgongoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Nyanyua stendi."

Kumbe hizi mpya zina swichi kwenye stendi. Ikiwa chini, injini haiwaki, ili usije ukaondoka nayo inaning'inia ikakubwaga kwenye kona. Na ukishainyanyua, unabana breki ndipo unabonyeza. Nimenyanyua, nimebana, imewaka mara moja, sauti laini kama feni ya mezani. Kijiwe chote kikacheka. Mimi kilichoniuma ni ile "babu". Nina miaka arobaini na minne.

Nikasema basi, yameisha, twende mjini. Nimeshuka Korogwe, nimepita Kona, upepo unapita kwenye helmeti, najiona waziri. Kukaribia Ubungo kuna lori mbele, mguu wa kushoto ukaenda kutafuta gia. Hakuna gia. Skuta inaendeshwa na mkanda, inajipangia yenyewe, wewe kazi yako ni mafuta na kusimama. Mguu ukaparaza hewa. Lakini mkono wa kushoto wenyewe haukuwa na habari, ukafanya kama ulivyozoea miaka sita: ukabana klachi kwa nguvu zote.

Na kwenye skuta, pale palipokuwa na klachi ndipo breki ya nyuma ilipo.

Tairi lilipiga kelele, helmeti ikanifunika macho, daladala nyuma yangu nayo ikala breki mpaka abiria wakasalimiana kwa vichwa. Konda akatoa kiwiliwili dirishani: "Mzee, umeacha jiko linawaka nyumbani?" Wiki nzima nimekuwa nasimama ghafla bila sababu kama mtu anayekumbuka madeni. Siku ya nne nimeufunga mkono wa kushoto kitambaa chekundu, nikiuona nakumbuka. Kazini wakaniuliza kama nimepata mganga.

Mengine sitayaongelea sana. Tairi ni ndogo, inchi 12 mbele na 10 nyuma, kwa hiyo shimo ambalo mkweche ulikuwa unalivuka na kutukana, hii inaingia na kutulia ndani kama kete ya bao. Kwenye lami, pale juu kwenye madaraja ya Ubungo, raha mustarehe. Ukikata kuingia mtaani kwetu, mgongo unasoma kila jiwe. Na ule ukimya wake nao ni tatizo. Mkweche watu walikuwa wanausikia toka Baruti wanatawanyika. Hii nafika mpaka nyuma ya mama mwenye beseni, napiga honi, ananigeukia kama nimemkosea adabu.

Kilichonimaliza ni nafasi.

Chini ya kiti kuna shimo linalomeza helmeti. Muuzaji alinifungulia kwa madaha, nikaona raha, sikujua naonyeshwa jela yangu. Mbele nako, pale pa kuweka miguu, ni bapa kama meza. Mama watoto hakusema hongera. Alipazunguka mara moja, akapima kwa macho, akasema, "Hapa mtungi wa gesi unakaa." Toka siku hiyo mimi ni fuso. Nimebeba mtungi, nimebeba unga kilo ishirini na tano, nimebeba trei mbili za mayai nikizikumbatia kwa magoti kutoka Shekilango, napita kwenye matuta nimebana pumzi. Nikisema hapana nafasi, anafungua kiti.

Ijumaa akanituma samaki soko la Feri. Nikaona ujanja, nikawatia chini ya kiti, wamefungwa vizuri. Kumbe pale chini ni jirani na injini. Foleni ya pale kituo cha Fire ikanishika, mafuta nayo yakaniishia, nikaingia sheli. Sasa skuta yangu mdomo wa tenki uko chini ya kiti, huwezi kujaziwa umekaa kama bosi. Unashuka, unafunua, dunia nzima inaona ulichobeba. Nikafunua. Harufu ikatoka kwanza, mimi nikafuata. Dada wa pampu akarudi nyuma hatua tatu, akaniuliza kwa upole, "Baba, nijaze au nikaushe?" Nyumbani wale vibua walifika nusu wameiva, na bado nimelaumiwa kwamba hawana chumvi.

Jirani yangu mstaafu naye amekuja kunipongeza, amekaa saa mbili. Anasema ujanani alikuwa na Vespa. Akanisomesha kwamba Vespa kwa Kiitaliano ni nyigu, zilianza kutengenezwa huko Italia 1946, na 1948 kampuni ileile, Piaggio, ikatoa ya magurudumu matatu ikaiita Ape, yaani nyuki, na huyo nyuki ndiye babu wa bajaji. Nikasema mzee, ahsante kwa elimu, nikadhani anaaga. Akaipapasa nailoni. "Ule mkweche wako ulikuwa mrefu, mguu wangu haupandi. Huu unapanda. Ijumaa utanisogeza msikitini." Hakuuliza. Shemeji yangu naye kapiga simu: kikao cha harusi kimehamia Jumapili, na kwa kuwa sasa nina usafiri wa uhakika, nimechaguliwa kuwa mweka hazina.

Kazini nako nafika saa moja na nusu. Mlinzi aliniuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Bosi kanipa funguo za ofisi, eti niwe nafungua.

Jumamosi mama watoto akasema na yeye ajaribu, uwanja wa shule uko wazi. Nikamwandalia mhadhara: hii klachi, si klachi, ni breki, sikiliza. Hakusikiliza. Alikaa, akakunja khanga, akanyanyua stendi bila kuambiwa na mtu, akabana breki, akawasha, akazunguka uwanja mara tatu huku anapungia watoto mkono mmoja. Dakika ishirini. Mimi nilikuwa nimesimama golini nimeshika kile kitambaa chekundu.

Jana nimekuta fomu ya chuo cha udereva mezani, imebanwa na chupa ya chai isipeperuke. Jina si langu. Nimevuta droo taratibu, nimeanza kutafuta kadi yangu ya mabasi ya mwendokasi.